Wote Walikuona Ukiruka

Kasereka, baba wa batoto bangu,

Nianze kwa kukulaumu, maana salamu sijui kama zinafika huko uliko. Miezi minane sasa tangu ututoke, na katika miezi hiyo umepita kwa kila mtu isipokuwa kwangu. Dada yako Masika anasema alikuona, tena mara mbili. Paluku, kaka yako mkubwa, anasema alikuona. Mama yako alisema alikuona. Hata yule mama jirani wa upande wa juu, ambaye mliacha kusalimiana kwa sababu ya maji yake ya mvua kuingia mu parcelle yetu, humu uani, alikuja asubuhi moja na sahani ya maharagi kuniambia kwamba alikuona. Na wote, Kasereka, wote walikuona ukiruka angani. Mikono imenyooka, hakuna mabawa, unapita tu.

Mimi nalala upande wangu wa kitanda, upande wako nimeuacha, na sioni kitu.

Utanisamehe nikikuandikia kwa Kiswahili cha masomo ya misa. Ulikuwa unanicheka nikirudi kanisani, bado nina sauti ya msomaji mdomoni: "Kavira, hapa ni Bulengera, mimbari ulishaiacha kule." Lakini nikiandika namna tunavyosema nyumbani, nitalia kabla ya mstari wa tatu. Kiswahili cha kanisa kinanisaidia kusimama. Kikinishinda mahali, utavumilia, kama ulivyovumilia mengine.

Nikukumbushe jinsi nilivyokupoteza, maana labda wewe mwenyewe hukuona yote. Ulitoka siku ya Jumatatu na pikapu, kwenda Mutwanga kuchukua kakao. Jumatano ulipiga simu toka Beni. Sauti ilikuwa ya kawaida. Ulisema kifua kinabana kidogo, ni vumbi tu ya barabara, unapita kwanza hospitali wakuangalie, halafu unapanda Butembo. Nilikuwa nasuka nywele za binti yetu Riziki, simu nimeibana kwa bega. Nikakujibu, "Sawa, usisahau mafuta ya ngazi, huko Beni yako bei nzuri." Hilo ndilo neno la mwisho nililokuambia, mawese ya kupikia. Mafuta ya ngazi. Miaka kumi na tano ya ndoa, na mwisho wake ni mafuta ya ngazi.

Saa tisa mchana alipiga mtu mwingine kwa namba yako.

Siku zile barabara ilikuwa imefungwa. Unajua mwenyewe inavyofungwa risasi zikilia. Binamu zako wa Beni walingoja siku ya kwanza, wakangoja siku ya pili, halafu wakakuzika, maana joto la Beni halingojei mtu. Mimi nilifika siku ya tano. Nikakuta kichuguu cha udongo mwekundu na msalaba wa mbao, na jina wameliandika vibaya: Kasareka. Nikasimama pale kama mtu aliyefika kwenye kilio cha wengine. Uso wako sikuuona. Labda ndiyo sababu hunijii. Labda unafikiri sikuja.

Nilikuja, Kasereka. Barabara ilikuwa imefungwa.

Masika ndiye alikuona wa kwanza. Ilikuwa juma la tatu, bado tulikuwa tunalala kwenye mikeka sebuleni na watu wa matanga. Aliamka analia, akatushika mikono sote mmoja mmoja. "Nimemuona yaya yangu, kaka yangu! Iko naruka mu hewa, iko mwepesi kama pamba!" Nilimwamini. Nakuambia ukweli, siku ile nilimwamini kabisa, nikamkumbatia, na tukalia pamoja kama watu wanaopendana.

Baada ya juma moja Paluku naye alikuona. Wewe ulikuwa unaruka juu ya nyumba yetu hii ya Bulengera, ukaizunguka mara tatu, ukashuka kidogo, ukagusa mabati kwa mkono. Alinieleza akiwa amesimama uani, uso ameuelekeza juu, anaangalia mabati yale yale. Sikuelewa kwa nini anayaangalia namna ile. Nilikuja kuelewa baadaye.

Halafu mama yako. Alishuka toka kwenu Kipese kwa pikipiki na mfuko wa viazi, kitambaa amekifunga kichwani kwa sababu ya baridi ya njiani. Chai hakunywa. Unamjua. Tangu unioe anasema chai yangu ni maji ya kuoshea sahani. Akaketi kwenye kiti chako, akasema: "Mutoto yangu nimemuona. Alipita juu ya mashamba ya viazi, viatu mu mikono. Anarudi Kipese. Mulimuzika mu udongo ya joto, yeye mutoto wa baridi."

Sasa nifanye nini na maneno hayo? Mmoja anasema umekuwa mwepesi. Mmoja anasema unalinda mabati. Mmoja anasema unaelekea Kipese. Mtu mmoja hawezi kuruka kwenda pande tatu. Hata ukiwa hai, kutoka Mutwanga hadi hapa tu ulikuwa unalalamika mgongo.

Nikaanza kuuliza watu, kuruka katika ndoto maana yake nini. Nilimuuliza padri baada ya misa, akasema ndoto nyingi zinatoka kwenye huzuni na kulala vibaya, nisali rozari, nisiwe na hofu. Nilimuuliza rafiki yangu Mama Kanyere, muuguzi wa kituo cha afya, unamkumbuka, yule wa miwani. Akasema ni damu, mtu akilala mkono umebanwa, anaota anaanguka ao anaruka. Mama yangu mzazi, nilipokuwa mtoto, alikuwa ananiambia: ukiota unaruka, unakua, urefu unaongezeka. Asubuhi ananisimamisha kwenye mwimo wa mlango kupima. Lakini wewe umekufa. Maiti anakua kwenda wapi?

Na katika chumba cha sala anakosali Masika kuna maana nyingine. Ile unaijua. Aliye hai akiruka katika ndoto, wanasema hatoki bure. Anaenda kula watu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Nimelizunguka kurasa mbili.

Ilikuwa mwezi wa tano wa kilio. Nilikuwa nimechoka, nimelala mapema. Nikaota. Si wewe niliyemuona, ni mimi. Nilikuwa niko uani naanika nguo, halafu miguu ikaacha udongo. Polepole, bila kelele. Nikapita juu ya mikaratusi ya jirani, nikapita juu ya soko, nikaona miamvuli ya wauza samaki toka juu, rangi rangi. Sikuwa na nguo nyeusi. Nilikuwa na ile pagne ya kijani, kitenge cha ubatizo wa mtoto wetu Dieumerci. Upepo ulikuwa unaingia mu mikono ya blauzi, na nilikuwa na furaha, Kasereka. Furaha ya mtoto. Sikukutafuta. Sikukuwaza hata mara moja. Hukuwemo.

Niliamshwa na Riziki, kumekucha, ananitikisa bega. "Mama, unacheka nini?"

Nilikuwa nacheka kwa sauti. Nikaketi, nikaona nguo yangu nyeusi juu ya msumari, na aibu ikanimwagikia. Mjane anacheka usingizini. Mume wake hata mwaka hajamaliza ardhini. Nikamwambia Riziki, "Hakuna kitu, mwanangu, ni ndoto tu." Akauliza ndoto gani. Na mimi, kwa ujinga, nikamwambia: nilikuwa naruka.

Mtoto hana kosa. Alimweleza shangazi yake kama habari nzuri, kwamba mama sasa anacheka.

Juma lililofuata Masika alikuona mara ya pili. Safari hii hukuwa mwepesi. Ulikuwa unajaribu kupanda juu, na kitu cheusi kimekushika mguu, kinakuvuta chini. Na kitu hicho, alisema, kilitokea mlangoni kwetu.

Hakunitaja. Hakuwa na haja. Siku ile ile yule jirani wa maharagi hakunirudishia sahani yangu mkononi, aliiacha juu ya ukuta. Mama mmoja wa shirika letu la kanisa, ambaye mwaka mzima tunabebeana vitabu vya nyimbo, alinipa mkono akauondoa haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Dieumerci alirudi toka shule ananiuliza kama ni kweli mimi naenda usiku bila pikipiki. Ana miaka saba. Aliuliza kwa hamu, alitaka nimpeleke.

Paluku akatangaza siku ya kumaliza kilio. Familia yote ije, tule pamoja, tuamue mambo.

Nilijua mambo gani. Nyumba, pikapu, batoto, na mimi. Na nilijua Masika ataniuliza mbele ya wote niliota nini. Asubuhi ya siku ile Mama Kanyere alikuja kunisaidia kupika. Tulikuwa jikoni, mimi nasonga bugali, yeye anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Kavira, hapana kuwa mujinga. Bote banaota. Na weye ota. Sema ulimuona Kasereka anaruka, akakuambia nyumba ni ya batoto. Nani atamuuliza yeye kama ni kweli?"

Nikamwambia ni dhambi. Akajibu, "Dhambi ni batoto kulala inje."

Nikaendelea kusonga bugali, na katika kila mzunguko wa mwiko nilikuwa natunga. Nikakuvalisha shati lako la mistari. Nikakuweka juu ya mti wa parachichi. Nikakupa maneno: "Kavira, linda nyumba hii, ni ya Riziki na Dieumerci." Nikayajaribu kwa sauti mara mbili. Mama Kanyere akasema yako vizuri, niongeze machozi kidogo.

Walikuja baada ya misa. Waliketi kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa jiko. Baba yenu mdogo, yule mzee wa Lubero anayesikia kwa sikio moja, ndiye aliyeongoza. Watu walikula kwanza. Halafu Paluku alisimama, akafuta mdomo.

"Miye nilimuona Kasereka," akasema. "Aliruka juu ya hii nyumba, alizunguka mara tatu, akagusa mabati na mukono. Donc basi anatuambia nini? Anatuambia: hii ni nyumba ya familia, familia iilinde. Kavira ni muke muzuri, hapana mutu anamufukuza. Mais lakini arudi kwanza kwabo, apumzike. Batoto batabakia na siye."

Nilimwona Riziki amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono umeshika sahani tupu. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia tu, anangoja nijibu.

Masika hakungoja. "Kwanza atuambie yeye mwenyewe aliota nini. Mujane gani anacheka mu usingizi?"

Mzee wa Lubero akauliza kwa nguvu, "Amesema nini?" na mtu akamrudia kwenye sikio lile zuri: anauliza mujane aliota nini. Mzee akanigeukia. "Eh, mwanangu, sema. Kasereka alikuja kwako?"

Nikasimama. Nikaanza uongo wangu, Kasereka. Nataka ujue kwamba niliuanza. Nikasema, "Nilimuona. Alikuwa na shati lake la mistari." Nikakuona kweli kama nilivyokutunga, juu ya parachichi. Nikaona itanifaa, wataniamini. Nikafika mahali pa wewe kusema. Nikafungua mdomo nikupe yale maneno, na sikupata sauti yako. Sijui kama unaelewa. Nilikuwa na maneno, lakini sauti ya kuyasema haikuwepo. Nilichosikia ni simu tu, na wewe unasema ni vumbi ya barabara, na mimi nakujibu mafuta ya ngazi.

Nikasema, "Hapana. Ninadanganya. Sikumuona."

Mama Kanyere alishika kichwa.

"Tangu afe sijamuona hata siku moja," nikasema, na Kiswahili cha kanisa kilikuwa kimeniacha zamani. "Ni miye njo niliruka. Miye peke yangu. Niliruka juu ya soko, na nilikuwa na furaha, na yeye hakukuwa. Sijue maana yake. Kama ni uchawi, sijue. Kama ni damu, sijue. Mais njo ile niliota, na nilicheka."

Kelele ilipanda kama mvua kwenye mabati. Masika alikuwa amesimama, kidole juu: "Munasikia! Amesema yeye mwenyewe!" Mke wa Paluku alimvuta mtoto wake mapajani. Mtu alitaja chumba cha sala, siku tatu za kufunga. Mimi nilibaki wima.

Ni mama yako aliyewanyamazisha. Hakusimama. Alipiga kikombe chake cha chai, ambayo hakuionja, kwenye benchi, mara moja, chai ikamwagika.

"Ulishuka wapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Mama?"

"Nimesema ulishuka wapi. Uliruka, uliruka. Miguu ilifika chini wapi?"

"Sikushuka. Riziki aliniamsha."

"Basi hajashuka," akawaambia. "Mutu bado iko mu hewa, na nyiye munajua tayari alienda kula nani." Halafu akamgeukia Paluku, mtoto wake wa kwanza, ambaye sijawahi kumsikia akimgombeza. "Na weye. Ndoto yako iliona mabati. Ikagusa mabati. Chini ya ile mabati kuna batoto babili balilala. Bale haikubaona? Ile ni ndoto ya Kasereka, ao ni ya kwako?"

Mtu mmoja upande wa wanaume alicheka, akajifanya anakohoa. Mwingine naye akakohoa. Paluku aliangalia viatu vyake.

Sisemi kwamba iliisha vizuri. Walibishana mpaka saa kumi. Mwisho baba yenu mdogo aliamua nyumba ibaki kwa batoto na mama yao mpaka wakue, na pikapu iende kwa Paluku. Sikuipinga. Siwezi kuendesha, na kila nikiiona nilikuwa nangoja ushuke. Masika aliondoka bila kuaga. Sasa kwenye misa za familia anaketi benchi la mbele kabisa ili asinione. Nakosa kicheko chake, sikufichi. Sijui kama anasema uongo ao anaogopa kweli. Siku ile ya kwanza, alipokuona mwepesi kama pamba, machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonichanganya. Mtu mmoja anawezaje kuota ndoto ile, na halafu hii?

Mama yako alitoa sharti moja tu: udongo wako ufike Kipese. Na nimpeleke mimi Beni kuuchota.

Tulingoja barabara itulie. Tukapanda gari asubuhi, yeye dirishani, mimi katikati, bakuli ya plastiki yenye kifuniko juu ya mapaja yake. Mpaka Beni hakusema neno ila moja: kwamba nimekonda, na kwamba mtu aliyekonda hafai kuvaa nyeusi, inamkunja. Makaburini aliinama mwenyewe, akakataa kijiko nilichobeba. Alichota udongo kwa mikono, konzi tatu, akafunga. Mimi nilikuwa nimebeba rangi na burashi ndogo ya Riziki ya shule. Nikarekebisha jina lako. Herufi moja tu, lakini nilikaa nayo muda mrefu. Sasa imeandikwa sawa: Kasereka. Ukiitwa, ujue ni wewe.

Kutoka Butembo tulichukua pikipiki mbili. Unakumbuka baridi ya kule, inavyoingia kwenye mikono ya koti. Nilikuwa sijapanda Kipese tangu harusi ya binamu yako. Mashamba ya viazi yalikuwa yametoa maua. Tulizika ule udongo kando ya kaburi la baba yako. Nikasoma somo, yeye akaitikia. Halafu watu wa nyumbani walirudi kupika, na sisi wawili tukabaki tumeketi kwenye majani. Mikono yake ilikuwa bado nyekundu kwa udongo wa Beni.

Nikamwambia, "Mama, sasa atapumzika. Uliona vizuri ile siku, alikuwa kweli anakuja huku."

Alikuwa anakwangua udongo kwenye kucha.

"Kavira," akasema, "miye sikuota kitu."

Nilidhani sikusikia.

"Tangu afe, hata mara moja. Ninalala, ninaamka, basi. Masika alisema amemuona. Paluku alisema amemuona. Nikasema, na miye mama yake nitakosa? Nikangoja. Nikangoja." Akatikisa kichwa. "Kama ningesema tu kwamba ninataka mutoto yangu karibu, bangeniambia mama, barabara mubaya, mama, umezeeka. Mais ndoto, ile banasikia. Nikamurusha."

Alisema hivyo, Kasereka. Alikurusha. Na vile viatu mikononi, nikamuuliza, vilitoka wapi? Akasema ulipokuwa mtoto ulikuwa unavua viatu ukirudi toka shule, ili visichakae. Hilo sikulijua. Miaka kumi na tano, na hilo sikulijua.

Nilicheka. Niliogopa atakasirika, lakini naye alicheka, meno yake yale mawili, halafu akalia, halafu mimi nikalia. Sikumbuki nani alinyamaza wa kwanza. Siku ile alikunywa chai niliyopika mimi jikoni kwake, na akasema ni mbaya, na akaomba kikombe cha pili.

Sasa niko hapa na sielewi zaidi ya mwanzo. Naandika ili unisaidie, na najua hutanisaidia. Mama aliyekuzaa hakukuona. Mke uliyelala naye hakukuona. Basi ulikwenda kwa nani? Paluku alikuona, ao aliona mabati? Jirani alikuona, ao alikuwa anatafuta namna ya kuingia kwetu tena baada ya ugomvi? Au ulipita kweli, ukiruka, juu juu, kwa wale wasiokulilia sana, kwa sababu kwetu sisi ungekuwa mzito ukashindwa kupanda tena? Ninapofika kwenye wazo hilo la mwisho nataka kuliamini, na nikitaka kuliamini najua ninalitunga mwenyewe, kama shati la mistari.

Na ile furaha yangu. Usinikasirikie. Nimeipeleka kwa padri, nimeipeleka kwa Mama Kanyere, hakuna aliyeipa jina linalonitosha. Kuna siku nafikiri ni wewe uliyenibeba na ulijificha nisikuone. Kuna siku nafikiri ni mwili tu, una miaka arobaini na mbili na umechoka kubeba. Kuna siku naogopa kwamba Masika alisema kweli, na ninajichunguza kama mtu anayetafuta kupe. Na kuna siku, nikuambie ukweli, nalala nikiomba ile ndoto inirushe tena. Haijarudi.

Habari za nyumbani ni hizi. Riziki amenipita kwa urefu, viatu vyangu vinambana. Dieumerci ameng'oa jino. Nimeanza kuuza unga sokoni siku za Jumanne na Ijumaa, na nguo nyeusi nimeivua, kwa ruhusa ya mama. Nyumba bado ni yetu. Nakuahidi batoto bako watakulia humu humu, na nakuahidi sitakutia tena maneno mdomoni, hata siku nitakapoyahitaji sana.

Na kuna ahadi nyingine, ile tuliyopeana mama na mimi pale kwenye majani, kabla hatujainuka. Yule utakayemjia wa kwanza atamwambia mwenzake. Hata ikiwa ni mchana, hata barabara ikifungwa, atapiga simu. Na atasema kile alichokiona tu, hata kama hukuruka, hata kama ulikuwa umeketi tu, unafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo lala salama, mume wangu, popote walipokushusha. Sisi wawili tunangojea, na hatuna haraka.

Ni mimi, muke wako,
Kavira